Usiku wa Kwanza Ulilala Wapi?

Sitamsifu. Waliomsifu wanatosha, tena wengine wamemsifia sebuleni kwangu, wanakunywa chai yangu, nami nimenyamaza. Nitamweleza alivyokuwa, basi. Nilimjua miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo nilimwonea wivu. Si husuda ya kumtakia mtu mabaya, Mungu apishe mbali. Wivu ninaousema ni ule wa kumkuta mtu amekaa mahali pako, amekaa vizuri kabisa, na miguu ameikunja, na hakuna anayeona ajabu isipokuwa wewe.

Tulimwita Mwalimu. Iringa ya miaka ile ya hamsini ilikuwa na walimu wengi, wa serikali na wa misheni, lakini ukisema Mwalimu pale Miyomboni bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yeye. Alifundisha historia shule ya kati. Asubuhi aliwakaririsha watoto wafalme wa Uingereza, kwa kuwa ndio waliotakiwa kwenye mtihani. Jioni alikwenda kutafuta historia yake mwenyewe, ambayo haikuwa katika kitabu chochote: habari za watu waliohamia. Nani alikuja Iringa, alitoka wapi, alipita njia gani, nani alimpokea. Mhindi wa duka la vitambaa, Mbaluchi wa malori, Mnyasa wa posta, Mgiriki wa tumbaku, Mngoni, Mkinga, mpwani. Hakuwa na mkubwa wala mdogo kati yao. Wote kwake walikuwa watu waliofika.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na masikio ambayo watoto wa shule waliyapa majina. Lakini yeye alisikiliza kwa mdomo. Kadiri hadithi ilivyonoga ndivyo mdomo wake ulivyofunguka, mpaka ukaona ulimi. Nilikuwa nikimwigiza mbele ya wenzangu bombani, wanacheka mpaka maji yanamwagika. Na bado wenzangu hao hao, Mwalimu akipita, walijipanga wamwamkie.

Hakumwuliza mtu kwa nini alikuja. Alisema ukimwuliza mtu kwa nini, atakudanganya, na wala si kosa lake, mwenyewe hajui. "Muulize usiku wa kwanza alilala wapi na nani alimpa chakula," alikuwa akisema. "Hapo hakuna anayedanganya." Ndivyo alivyomwuliza yule Mgiriki, jitu jekundu lenye sauti ya kufukuza ng'ombe. Watu walidhani atamtoa Mwalimu mbio. Mgiriki akakaa chini. Akasema usiku wa kwanza alilala kwenye kitanda cha mpishi mmoja wa Kibena, na mpishi mwenyewe alilala chini karibu na mafiga, na jina la mpishi yule hakuwahi kumwuliza. Jumamosi iliyofuata aliteremsha gunia la viazi mlangoni kwa Mwalimu, akaondoka.

Ukishamjibu, alikuomba mtoke. Mnashuka mpaka mahali ulipouona mji kwa mara ya kwanza, halafu mnauingia upya, polepole, kwa miguu. Nimemwona yule mzee wa Kihindi wa vitambaa anapanda kilima kutoka Ipogolo na mwavuli wake, jasho linamtiririka, Mwalimu yuko pembeni mdomo wazi, na mzee analia. Mtu ambaye hakuwahi kukuongezea hata inchi ya kitambaa, analia barabarani! Nilimwuliza Mwalimu amemfanya nini mzee wa watu. Akasema, "Sijamfanya kitu. Ameona mti ambao haupo tena."

Hata darasani alikuwa hivyo. Mtoto akichelewa, hakumwuliza sababu. Alimwuliza, "Umefikaje?" Mtoto akaanza kueleza njia, mto, mbwa wa jirani, na Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Matokeo yake watoto wakawa wanachelewa makusudi.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu, aliyeweza kukueleza nani alimpokea nani mji mzima, hakupenda wageni. Haki ya Mungu. Ukienda kwake bila kualikwa alikuongelesha mlangoni, amesimama katikati ya fremu. Sukari ya kwake alikutilia kijiko kimoja, akakoroga yeye mwenyewe usije ukaongeza. Sukari ya kwetu alitia vijiko vitano. Kwenye lori alitapika kabla halijamaliza kona ya kwanza, kwa hiyo mtaalamu wetu wa safari za watu alikuwa hawezi kusafiri. Na ukimgeuzia swali lake, kwao wapi, yeye usiku wa kwanza alilala wapi, alitazama saa. Wengine walisema ni Mmanda, wengine wakasema Mnyasa. Alisali Kilutheri, hilo tulilijua. Zaidi ya hapo hapakuwa na aliyejua kitu.

Aliandika pia. Makala zake zilitoka kwenye gazeti la Kiswahili lililoletwa na basi kutoka Dar es Salaam, na siku lilipofika lilisomwa kwa sauti barazani kwetu, watu wamesimama mpaka barabarani. Mimi nilijua kusoma vizuri kuliko wengi waliosimama pale, ila nilikuwa msichana, na shule nilitolewa darasa la nne. Nikishika gazeti hilo nilikuwa natafuta makosa. Nilipata mawili, na moja lilikuwa la mpiga chapa.

Lazima niieleze na habari ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, maana msiponisikia nikiisema mtadhani nimeificha. Kulikuwa na bonde lililotakiwa lipimwe mashamba makubwa. Bwana Shauri akamwita Mwalimu bomani. Tarishi aliyekuwa mlangoni ndiye aliyetusimulia. Bwana Shauri alisema, "Nasikia wewe unajua nani mwenyeji na nani mgeni. Nitajie wageni wote wa bonde lile, waondoke." Mwalimu akasema, "Ndiyo, bwana. Niwapange kwa kufika kwao? Aliyefika mwisho awe wa kwanza kutajwa?" Bwana Shauri akafurahi, akasema vizuri sana. "Basi naanza na wewe, bwana."

Mji ulicheka wiki nzima. Ningeipenda hadithi hiyo kama ingekuwa ya mtu mwingine. Lakini haki isemwe, hata wazee wa Kihehe waliomshangilia siku ile walimnunia baadaye, pale alipowaambia kwamba babu zao nao waliingia nchi hii siku moja, na kwamba alikuwa anatafuta nani aliwapokea. Hakumbagua mtu katika kuudhi. Haukupita muda akahamishiwa Mbeya, shule moja upande wa Uyole, na barua ya uhamisho ilisema ni kwa manufaa ya elimu.

Lakini nimeruka. Sijamweleza baba, na bila baba hamtaelewa nilikuwa na kinyongo gani.

Nyumbani tulikuwa wawili, baba na mimi. Mama alitangulia mbele ya haki nikiwa mdogo. Baba alikuwa fundi cherehani, anashona kanzu na suruali kibarazani, mimi nadarizi kofia ndani. Mpwani, ndivyo tulivyojua, ndivyo mji ulivyomjua. Kanzu safi, Kiswahili cha kuchagua maneno. Kihehe hakikusemwa ndani ya nyumba ile. Mimi nilikijua cha sokoni tu, cha kuamkia na kupunguziwa bei. Na nilijivuna, mnajua? Nilipita katikati ya akina mama wa milimani na mizigo yao nikiona mimi ni mtu wa kwingine, mtu wa bahari, na bahari yenyewe sijapata kuiona.

Nikimwuliza baba alikujaje Iringa, jibu lilikuwa hilo hilo tangu nipate akili. "Kwa miguu, mwanangu. Nitilie chai."

Halafu akaja Mwalimu kutiwa kiraka suruali yake. Kiraka kimoja! Hakikuchukua hata robo saa kukishona. Lakini kesho yake akarudi, na keshokutwa, na mwezi ulipokwisha kiti cha pale kibarazani kilikuwa chake. Baba yangu, ambaye kwangu maneno aliyapima kama hariri, alikuwa anaongea kwa mikono yote miwili. Nikitokea na sinia ya kahawa, kimya. Wananishukuru, wananingoja nigeuke. Siku nyingine walitoka pamoja Jumapili, baba anasema anakwenda kupima wateja vijijini, na anarudi jioni na vumbi mpaka magotini, uso umelegea.

"Baba, mnaongea nini na Mwalimu?"

"Habari za zamani."

"Mbona mimi huniambii?"

"Wewe bado kijana. Zako ni habari za mbele."

Habari za mbele! Nilivunja kikombe siku ile, nikasema kimeteleza.

Nilimkabili hata Mwalimu mwenyewe. Nikamwambia, "Mji mzima umeuuliza maswali. Mimi je, sina mdomo?" Akanitazama kwa huruma, huruma ambayo ningeweza kumpigia kofi. "Bibie, wewe hukuja. Umezaliwa hapa." Akamgeukia baba, mdomo ukaanza kufunguka.

Baba alipofariki, Mwalimu alikaa chini pamoja na wafiwa. Alilia kwa sauti. Watu walioingia walimpa pole yeye kwanza, ndipo wakanitafuta mimi kwa akina mama. Nilikuwa mtoto pekee wa marehemu, nimejifunika kanga, nasikia nje wanamwambia Mwalimu, "Pole sana, umefiwa." Naye anaitikia, "Asante, nimeshapoa." Amepoa! Nilingoja gazeti miezi mingi nione kama ataandika habari za baba. Hakuandika.

Halafu ikaja posa. Kijana mzuri, wa watu wa biashara wa Mbeya, Waislamu wa kushika dini. Mama yake akaja kunitazama, mwanamke mpole, vidole vimejaa hina. Akala, akasifu wali, kisha akauliza, "Na kwenu, mwanangu, ni wapi?"

"Pwani, mama."

"Pwani ya wapi?"

"Pwani tu."

"Pwani ndefu, mwanangu," akasema taratibu. "Bagamoyo? Kilwa? Lindi? Kwa kina nani? Tukitaka kuwapelekea salamu wazee wako, tumtume mtu kwa nani?"

Nikasema naangalia chungu. Chungu kilikuwa kimeshaipuliwa. Nilisimama jikoni nimeshika mwiko, na ndipo nilipoona kwamba sijui kitu. Sikuwa na ami, sikuwa na shangazi, sikuwa na hata kijiji cha kusingizia. Wageni waliondoka kwa adabu, wakisema watarudi baada ya mfungo. Na duniani kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua mimi ni mtoto wa nani, na mtu huyo ndiye Mwalimu.

Nikapanda basi kwenda Mbeya. Vumbi tupu, tangu Makambako mpaka Igawa sikuona uso wa jirani yangu. Nilishuka Uyole, nikaonyeshwa. Alikuwa kando ya barabara, panaposimama malori, amechuchumaa mbele ya kibarua mmoja mzee aliyerudi kutoka migodi ya kusini, mdomo wazi kama kawaida. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Aliponiona alisimama haraka akafunga mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bibie! Umefika..."

"Usiniulize nimefikaje wala nitalala wapi. Leo nimekuja kuuliza mimi. Baba alitoka pwani ya wapi?"

Akatazama saa. Nikamshika mkono wenye saa, nikaushusha.

"Nilimwahidi," akasema.

"Uliyemwahidi yuko kaburini. Mimi niko hapa nimesimama juani."

Akautazama mkono nilioushika. Kisha akasema, "Baba yako hakutoka pwani. Baba yako ni Mhehe. Ni mtu wa Kalenga."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, kwa sababu Kalenga kutoka nyumbani kwetu unakwenda kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo. Yeye hakucheka. Akanieleza pale pale, malori yanapita. Baba alichukuliwa mdogo sana, wakati wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, watu walipotawanyika. Msafara ulimpeleka mpaka Bagamoyo, akalelewa na fundi mmoja, akafundishwa dini na cherehani. Kijana alipopata nguvu akarudi. Watu wa Iringa wakamwona na kanzu wakamwita mpwani, naye akaitikia. Siku ya kwanza aliitikia kwa woga, hakujua nani yu hai. Baadaye ilikuwa imeshakuwa jina.

"Wewe ulijuaje?"

"Nilimwuliza usiku wa kwanza alilala wapi. Akasema hakuomba mlango kwa mtu, alilala nje, anatazama upande wa Kalenga. Mgeni hajui upande wa kutazama."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Alisema unaipenda sana pwani yako. Alisema atakunyang'anya, na hana cha kukupa badala yake."

"Nani alitaka badala? Nilitaka aniambie!" Nilipiga kelele mpaka yule kibarua mzee akageukia pembeni. "Aniambie mimi! Mimi ndiye niliyemtilia chai!"

Mwalimu akangoja nimalize. Kisha akasema, "Una shangazi. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimbeba mgongoni. Yu hai."

Shule zilikuwa zinafungwa wiki ile. Tulirudi Iringa pamoja, yeye anatapika dirishani njia nzima, na siwezi kusema kwamba sikuona raha kidogo. Kesho yake tukashika njia ya Kalenga kwa miguu. Alikwenda taratibu, na kila tulivyokaribia ndivyo alivyozidi kuchelewa, mpaka nikasimama.

"Kuna nini?"

"Kuna jambo sijakwambia." Alivua kofia. "Siku ya kwanza nilipokuja huku na baba yako, dada yake alimlilia, akamshika, kisha akauliza, huyu uliyekuja naye ni nani. Baba yako akasema, mwanangu."

"Alisema nini?"

"Mwanangu. Nadhani aliona haya kumwambia kwamba amemleta mtu baki, na damu yake ameiacha nyumbani."

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Hata baada ya baba kufa?"

"Nimekuja kila mwaka baada ya mavuno. Habari ya msiba nilimletea mimi." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Mimi sina aliyebaki wa kuniita hivyo, bibie. Nilikuwa nikisema mwaka huu nitamwambia. Halafu ananiita, na mwaka unapita."

Nilitangulia mbele, na nilitembea kwa hasira mpaka kandambili ikakatika.

Shangazi alikuwa anapepeta maharage. Bibi mdogo, macho yamefifia, lakini alimjua Mwalimu kwa hatua zake. Aliacha ungo ukaanguka, akamkimbilia, akamshika mashavu. Nikamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene." Akaitikia kwa adabu, akanitandikia mkeka wa wageni, akamwuliza Mwalimu jambo huku ananionyesha kidole. Neno moja nililijua, la sokoni. Alikuwa anauliza kama mimi ni mke wake.

Mwalimu akapiga magoti mbele yake. Akasema kwa Kihehe, maneno mengi, polepole, na nikaona uso wa bibi unabadilika. Alinijia kwa mikono, kama anatafuta kitu gizani. Akanipapasa paji la uso, pua, akafika kidevuni, akaacha mkono hapo hapo, akasema kitu.

"Anasemaje?" nikauliza, na niliichukia sauti yangu, kwamba lazima nimwulize yeye.

"Anasema hiki kidevu ni cha mdogo wake."

Nililia mpaka kanga ikalowa. Shangazi yangu alizungumza nami mchana kutwa, na kila neno lake lilinifikia kwa kupitia mdomo wa yule yule.

Akamkamata kuku, akatuma aitwe jirani Mwislamu aje kuchinja. Nikashukuru kwamba amenifikiria. Mwalimu akakohoa. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kila mwaka: mdogo wake alikuwa Mwislamu, basi na mtoto wa mdogo wake ni Mwislamu, na Mlutheri yule amekula kuku wa bismillahi miaka yote bila kusema neno.

Chakula kikaja. Firigisi aliiweka peke yake kwenye kisahani kidogo, mbele ya Mwalimu. Ni fungu la mtoto wa kiume wa nyumba, hapewi mgeni. Mkono wa bibi ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Mwalimu akakitazama kisahani, akakisukuma polepole mpaka kwangu. "Hii ni yako," akasema. "Tangu mwanzo ilikuwa yako."

Shangazi akampiga mkono, paa! Akasema kwa ukali, maneno mafupi, anamtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye.

"Anasemaje?"

Mwalimu hakunitafsiria. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. Bibi akachukua kisu, akaikata firigisi vipande viwili, kimoja akakiweka mbele ya Mwalimu, kimoja mbele yangu, akakaa chini atuone tukila.

Nikatazama kipande changu, nikatazama chake. Chake kilikuwa kikubwa.